Namba Tasa Iliyomo Katika Bao

Sisi tunaosema nanyi ni walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu baada yetu. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya namba moja tu, nayo ni hii: 2,147,483,647. Kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Namba hii haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe.

Hapa Matai wazazi hutuuliza hesabu ya namna hii itajaza gunia gani. Swali hilo lina haki yake, nasi tutaligusa. Lakini wanafunzi huuliza jingine lililo gumu zaidi. Husema: Mwalimu, kitabu chatuambia ya kuwa namba hii haigawanyiki, ni nani aliyeijaribu kwa namba zote? Hilo ndilo twataka kulijibu, kwa kuwa mtoto anayekubali kila kilichopigwa chapa hajajifunza hesabu, amejifunza kunakili tu.

Tuanze na maharage, ambayo hayakosekani katika nyumba za Ufipa. Chukueni maharage 12, myapange katika safu zilizo sawa. Mtaweza kupanga safu 2 za maharage 6, au safu 3 za maharage 4. Ongezeni harage moja yawe 13. Sasa pangeni tena. Mtahangaika bure, safu mbili hazilingani, tatu hazilingani, wala nne. Hayakubali ila msitari mmoja mrefu. Namba kama 13 huitwa namba tasa. Nyingine ni 2, 3, 5, 7, 11, 17, 19, na kuendelea. Tangu zamani za Euclid, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, imejulikana ya kuwa hazina mwisho.

Jina hili la tasa twalitumia kwa kuwa ndilo lililomo katika vitabu vya hesabu, ingawa hatulipendi sana. Kumwita mwanamke hivyo ni kumuumiza, na mwenye adabu hasemi. Tena lapotosha. Kila namba nyingine, kuanzia 4 na kwenda mbele, imezaliwa na namba tasa zikizidishwa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Basi zile ziitwazo tasa ndizo wazazi wa zote! Lakini jina limekwisha kuenea, nasi twaendelea nalo.

Sasa leteni bao. Bao la Kiswahili, kama wachezaji wajuavyo, lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64. Leo hatuchezi, wala kete hizo hazitatosha. Tutatumia punje za mahindi. Wekeni punje moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na hivyo hivyo, kila shimo lipate mara mbili ya lile lililotangulia. Mwanzoni ni mchezo wa watoto. Shimo la kumi lataka punje 512 tu. Shimo la ishirini lataka 524,288, na hapo bao limekwisha kufunikwa. Shimo la thelathini na moja lataka punje 1,073,741,824.

Simameni hapo, msijaze shimo la thelathini na mbili. Hesabuni punje zote tangu shimo la kwanza. Mtu asiyejua njia atajumlisha siku nzima, lakini njia ni fupi. Ongezeni punje moja ya kuazima katika shimo la kwanza. Shimo hilo sasa lina 2, sawa na la pili. Unganisheni, mpate 4, sawa na la tatu. Unganisheni, mpate 8. Na hivyo mpaka mwisho. Mtaona ya kuwa jumla yote, pamoja na ile punje ya kuazima, ni sawa na kile ambacho shimo la thelathini na mbili lingetaka, yaani 2,147,483,648. Rudisheni punje ya watu. Imebaki 2,147,483,647, namba yetu. Wenye hesabu huiandika kwa ufupi: mbili kwa kipeo cha 31, kasoro moja.

Tukikadiria kwamba punje tatu za mahindi zina uzito wa gramu moja, basi mahindi hayo ni magunia 7,158 ya kilo mia mia. Mzazi aliyeuliza juu ya gunia na asikie hayo, ingawa twakiri ya kuwa magunia hayo yamo katika maneno tu.

Kwa nini tuliwazuia msijaze shimo la mwisho? Jaribuni katika bao dogo la mashimo 6. Jumla yake ni 63. Gawanyeni mashimo yale mawili mawili. Mawili ya kwanza yana 1 na 2, jumla 3. Mawili yanayofuata yana 4 na 8, jumla 12, yaani 3 mara nne. Mawili ya mwisho yana 16 na 32, jumla 48, yaani 3 mara kumi na sita. Kila jozi ni kigawe cha 3, basi jumla nzima nayo lazima igawanyike kwa 3. Mkiyagawanya matatu matatu, jumla itagawanyika kwa 7. Hivyo mashimo yakikubali kugawanyika katika mafungu yaliyo sawa, punje nazo zitakubali. Mashimo 32 hugawanyika kwa 2, kwa 4, kwa 8 na kwa 16. Kwa hiyo bao likijazwa lote, jumla yake, 4,294,967,295, huanguka vipande vipande: ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537. Ongezeko la shimo moja limeharibu utasa wote. Lakini mashimo 31 hayagawanyiki, maana 31 yenyewe ni tasa.

Hapo wanafunzi wengi hukimbilia kusema: Tumekwisha maliza, idadi ya mashimo ikiwa tasa, jumla ya punje nayo ni tasa. Mashimo 2 yana punje 3. Mashimo 3 yana 7. Mashimo 5 yana 31. Mashimo 7 yana 127. Zote ni tasa. Kisha huja mashimo 11. Kumi na moja ni tasa, lakini jumla yake ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Kanuni iliyopita mara nne bila kosa imevunjika mara ya tano. Mashimo kutogawanyika ni sharti, wala si ushahidi. Wataalamu wakubwa wamejikwaa katika jambo hili. Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini hutoa namba tasa. Namba za namna hii hata leo huitwa kwa jina lake. Katika orodha yake kipeo cha 31 kilikuwamo, na hapo alisema kweli; lakini cha 67 pia kilikuwamo, nacho si kweli, na cha 61 alikiacha, nacho ni kweli.

Basi ni nani aliyeijaribu namba yetu? Ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, katika Urusi. Matokeo yake aliyaandika katika barua ya mwaka 1772. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, na hesabu nyingi alizishika kichwani, akisaidiwa na wengine katika kuandika.

Euler hakuigawa kwa namba zote, wala hapana haja. Namba ikigawanyika, vigawo vyake huja wawili wawili, kama safu na urefu wa safu katika maharage yetu. Na mmoja katika hao wawili hawezi kupita ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe yakaribia namba nzima. Kwa namba yetu kikomo hicho ni 46,340. Tena yatosha kujaribu zilizo tasa tu, kwa kuwa isiyogawanyika kwa 2 wala kwa 3 haiwezi kugawanyika kwa 6. Hata hivyo, chini ya 46,340 kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Mwanafunzi afanyaye mafungu kumi kwa siku, bila kupumzika Jumapili, atamaliza baada ya siku 470.

Hapo ndipo akili hushinda nguvu. Tazameni tena ile 2,047 ya mashimo 11. Vigawo vyake ni 23 na 89. Ondoeni moja katika kila kimoja: mtapata 22 na 88, na zote mbili ni vigawe vya 22, yaani mara mbili ya mashimo yale 11. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Lilikwisha thibitishwa kwa kila bao la namna hii: kigawo chochote kilicho tasa, ukikitoa moja, ni kigawe cha mara mbili ya idadi ya mashimo. Kwa mashimo 31 ni kigawe cha 62. Tena kuna sheria ya pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Sheria mbili hizo zikiunganishwa, yabaki hivi: kigawo cha namba yetu, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 kitabakiza 1 au 63, basi. Zile tasa zaidi ya 4,700 zimepepetwa kama ulezi katika ungo, zikabaki yapata themanini. Mwanafunzi yule wa mafungu kumi kwa siku sasa atamaliza baada ya siku nane.

Ya kwanza ya kujaribiwa ni 311. Gawanyeni 2,147,483,647 kwa 311: mtapata 6,905,092 na baki ya 35. Ya pili ni 1,303: mtapata 1,648,107 na baki ya 226. Ya tatu ni 1,489: mtapata 1,442,232 na baki ya 199. Tumezifanya tatu hizi kwa kalamu ili zile zilizobaki zisiwe na kitisho. Darasa la wanafunzi arobaini wakigawana kazi, kila mmoja hapati zaidi ya mbili au tatu, na kabla ya kengele ya adhuhuri watakuwa wamejua kwa mikono yao wenyewe jambo ambalo kabla ya Euler lilisemwa tu.

Kwa miaka mingi hapana aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika juu ya namba kamilifu. Hizo ni namba ambazo vigawo vyake, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa huirudisha yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28, ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Kila namba tasa ya bao huzaa moja. Barlow alisema ya kuwa ile iliyozaliwa na namba yetu ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana kamwe, kwani mambo hayo ni ya kustaajabisha tu, hayana manufaa, wala hapana atakayejisumbua kuitafuta nyingine. Twaona mzazi wetu wa Matai angepatana naye vizuri.

Watu walijisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Edouard Lucas alionyesha ya kuwa bao la mashimo 127 hutoa namba tasa, nayo ina tarakimu 39. Na jambo la ajabu zaidi, alionyesha ya kuwa lile la mashimo 67 hutoa namba isiyo tasa, bila yeye kujua kigawo chake hata kimoja! Vigawo havikuonekana mpaka mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipovitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Mnaweza kuvizidisha, mkipata saa moja ya utulivu.

Lucas aliwezaje kujua bila kugawa? Njia yake, iliyorahisishwa baadaye na D. H. Lehmer mwaka 1930, ni hii. Anzeni na 4. Izidisheni kwa yenyewe, mwondoe 2. Matokeo mwagawanye kwa namba mnayoijaribu, mchukue baki. Baki hiyo nayo izidisheni kwa yenyewe, mwondoe 2, mchukue baki. Na hivyo hivyo. Fanyeni duru zilizo pungufu ya mashimo kwa mbili. Duru ya mwisho ikitoa sifuri, namba ni tasa. Isipotoa sifuri, si tasa. Jaribuni 31, ya mashimo 5, inayotaka duru 3. Nne mara nne ni 16, toa 2 ni 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196, toa 2 ni 194, baki yake kwa 31 ni 8. Nane mara nane ni 64, toa 2 ni 62, baki ni sifuri. Kwa 127, duru ni tano: 14, 67, 42, 111, na sifuri. Kwa 2,047, duru ya tisa hutoa 1,736, wala si sifuri. Namba imeumbuka, ingawa 23 na 89 hawakutajwa.

Kwa njia hiyo hiyo, ikifanywa kwa mashine za kompyuta na kwa njia nyingine zinazofanana nayo, watu wamekwenda mbali mno. Mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani, ya bao lenye mashimo 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Kama msomaji wa redio angeisoma tarakimu moja kwa kila sekunde, usiku na mchana, bila kunywa maji, angemaliza baada ya siku 475.

Sasa turudi kwa mzazi na gunia lake, na kwa Barlow pia. Namba tasa kubwa zina kazi. Ujumbe mwingi unaopita katika simu, hata simu ya mkulima auliziaye bei ya mahindi Sumbawanga, hufungwa kwa siri ili asome yule tu aliyekusudiwa. Na kufuli moja itumikayo sana kwa kazi hiyo imejengwa juu ya namba tasa iliyo mbili kwa kipeo cha 255, kasoro 19. Barlow hakuweza kuliona hilo, nasi hatumlaumu.

Na namba yetu, 2,147,483,647, nayo imo katika mashine, lakini kwa sababu nyingine. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, katika daftari yenye nafasi 31, kama mashimo yetu 31. Kila nafasi hujaa au huwa tupu. Zote zikijaa, jumla ni namba yetu, wala hapana nafasi zaidi. Siku hiyo itakuwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili asubuhi na dakika 14 na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haikutengenezwa upya itadhani ni mwezi wa Desemba 1901. Mafundi wamekwisha kupanua daftari hizo katika mashine nyingi. Zilizo za zamani ndizo za kuangaliwa. Jambo hili halitokani na utasa wa namba. Hata kama ingegawanyika, daftari ingejaa siku ile ile. Tumelitaja ili mwanafunzi wa leo, ambaye mwaka huo huenda akawa ndiye fundi mwenyewe, aijue namba hiyo atakapokutana nayo.

Lakini kabla ya hapo kuna kazi ya kalamu. Mkitaka kuijaribu namba yetu kwa njia ya Lucas, inataka duru 29. Za kwanza ni nyepesi: 14, kisha 194, kisha 37,634, kisha 1,416,317,954. Ya tano yataka karatasi pana, na jibu lake ni 669,670,838. Asiyelipata na atafute kosa lake kabla ya kuendelea, maana kosa la duru moja hufuata mpaka mwisho. Duru ya ishirini na nane, kama hamkukosea, itawapa 65,536. Mtakapoizidisha hiyo kwa yenyewe mtapata 4,294,967,296. Toeni 2, itabaki 4,294,967,294. Nayo ni 2,147,483,647 mara mbili kamili, wala hapana baki.